Mafungu Matatu ya Jaa la Bibi Yako

Lionja, Ijumaa, baada ya alasiri

Somoe binti yangu,

Salamu nimeziweka kando, kwa kuwa mwandikaji na mwandikiwa bado tumo katika ua mmoja, nami kutoka hapa barazani nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anataka sabuni ikae chini, wewe wataka ikae juu. Habari za sabuni, za chandarua, za garimoshi la kesho na za mtu atakayekupokea Mtwara amekwisha kukueleza, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Sitayarudia. Barua hii ina jambo moja tu, nalo limo katika kiganja chako cha kulia.

Wasichana wa bwenini watakuuliza. Siku ya kwanza wataona haya. Watakutazama ukifinyanga tonge kwa vidole vitatu, vile viwili vya mwisho vimenyooka kana kwamba vinasikiliza kitu, na siku ya tatu mmoja mwenye ulimi mwepesi atasema, "Mwenzetu, mkono umefanyaje?" Jibu unalo tayari. Juzi nilikusikia ukimpa binti wa jirani: "Bibi alisahau chupa kwenye jaa lake. Bibi haoni vizuri." Ulisema bila chuki, kama mtu anayetaja jina la mto. Niliondoka pale ukutani nisionekane. Jibu hilo si la kweli, Somoe, nami ndiye niliyeliacha likue pamoja nawe.

Sijui nianze wapi. Nianzie kwenye sauti yangu.

Nilipokuwa chuoni Kampala nilijulikana kwa sauti. Wenzangu wakiona meza tupu katika ukumbi wa chakula waliambiana, "Iondoeni ile, atapanda." Nilipanda juu ya meza kwa ajili ya maharage yaliyoungua, kwa ajili ya bei ya pamba, kwa ajili ya uhuru wa watu ambao nchi zao nilizijua kwa ramani tu. Sikumbuki hata mara moja niliyopanda mezani kuuliza swali. Nilipanda na majibu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, na ulikuwa mtamu, kwa sababu watu hupiga makofi.

Nilirudi Lionja kwa likizo wakati mradi wa karanga ulipoanza kunywea. Wewe ulikuwa na umri wa kutambaa. Ile mitambo iliyong'oa msitu wa Nachingwea ilikuwa imesimama kimya, na kila aliyefanya kazi kule alirudi na kitu: debe, kopo, chupa, waya, kipande cha bati. Kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake kijiji hiki kilikuwa na taka zisizojua kuoza. Bwana afya alipita akaamuru kila nyumba ichimbe shimo la takataka. Mtu mwingine angechimba shimo lake akanawa mikono. Mimi niliona nafasi ya kuhutubia.

Nilichukizwa sana na jaa la bibi yako. Lilikuwa nyuma ya nyumba, mahali pale pale lilipo leo, limegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la majivu, chini ya kipaa kidogo cha nyasi, na majivu ya mashina ya ufuta yalitengwa na majivu ya kuni, kwa sababu yale ya ufuta huchujwa yakatoa magadi ya kulainishia kisamvu. Fungu la pili lilikuwa la vitu laini: maganda ya muhogo, pumba, majani ya mkorosho, uchafu uliofagiwa uani pamoja na mavi ya kuku. Fungu la tatu, mbali na hayo mawili, lilikuwa la vigae, makopo na chupa. Kila asubuhi alipita na kikapu, akagawa. Mimi, mwanawe msomi, nilitazama mafungu yale matatu nikaona nini? Nikaona utawala wa kikoloni! Niliona Wamwera huku, Wamakonde kule, Wayao upande wao, na mkono wa mtu mmoja ukiwatenga. Usicheke. Au cheka, una haki.

Nikasimama juu ya gogo mbele ya watu wa kitongoji chote. Maneno ninayakumbuka, kwa bahati mbaya. "Nani ametugawa?" nikauliza. "Nani ametufundisha kuishi mafungu mafungu, hata katika majaa yetu? Tuchimbe shimo moja! Leteni majivu, leteni maganda, leteni makopo na chupa! Viingie pamoja, vioze pamoja, vitoke vikiwa udongo mmoja wa nchi moja!" Makofi yalilia. Vijana walishika majembe papo hapo.

Bibi yako hakupiga makofi. Alisubiri kelele zipungue, akasema kwa Kimwera, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mwanangu, muhogo na chupa vina undugu gani?"

"Mama," nikamjibu, "huo ndio mfano wenyewe."

Jibu hilo halina maana yoyote. Nimelichunguza miaka yote hii, sijaiona maana yake. Siku ile lilipigiwa makofi kuliko hotuba nzima.

Mjomba Mchopa, ndugu yake bibi yako, ambaye alikuwa akikata visiki kwenye kambi ya karanga na aliujua uzito wa shimo kuliko mimi, alikuja kutazama tulipofika kiunoni. "Mpwa wangu," akasema, "hapa tutazika takataka, au tutakuzika wewe na Kizungu chako?" Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo ananiita Bwana Shimo, nawe umekua ukidhani ni jina la heshima.

Wanawake walileta vikapu siku tatu. Bibi yako alikuja wa mwisho. Alimwaga majivu, akaenda. Akamwaga vile vitu laini, akaenda. Akarudi na makopo na chupa, akasimama ukingoni muda mrefu, kisha akamwaga. Hakunibishia. Alikuwa ameuza ufuta wa misimu mingi ili mimi nijue mambo, na sasa mjuzi alikuwa amesema.

Mvua za misimu minne zilinyesha, zikakoma. Nilimaliza masomo nikarudi kufundisha hapa Lionja, na mwanzo wa kilimo nikalifungua shimo langu. Juu kabisa palikuwa na udongo mweusi, mzuri kwa macho. Nikawaita watu waone. Nilijaza vikapu kwa mikono yangu. Bibi yako naye, ambaye kimya kimya alikuwa ameanzisha upya mafungu yake matatu, alileta vikapu vyake kutoka jaani. Kwa hiyo shambani samadi ilitoka pande mbili. Shika hapo, kwa sababu ndipo uongo ulipopata mlango.

Unajua desturi ya nyumba hii: mbegu za boga hazitiwi na jembe, hutiwa na mkono wa mtoto. Mkubwa huandaa shimo, humimina samadi, mtoto hukunja ngumi juu ya mbegu na kuisukuma ngumi hiyo udongoni hadi kifundo cha mkono. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa umeisubiri siku hiyo, ukilala na mbegu chini ya mto. Nikachimba shimo lako. Nikamimina kikapu. Kikapu kilikuwa changu, Somoe, kilitoka katika shimo la umoja, nami nilikimimina kwa mikono hii inayoandika. Ukasukuma ngumi, ukaifumbua ndani ili mbegu itoke, na hukulia mara moja. Ulinitazama kwanza, kama unayeniuliza.

Sitaandika habari za njia ya kwenda hospitali. Nilikubeba, bibi yako alikamata mkono wako ndani ya khanga yake, na nyuma yetu walikuja watu kama wa msiba. Daktari alitoa kipande cha shingo ya chupa, akakiweka juu ya bati, akauliza mbele ya wote, "Hiki kimetoka wapi?"

Nikafumbua kinywa. Kinywa kile kile cha juu ya gogo. Hakikutoa neno. Walikuwapo vijana walionichimbia, wanawake walioniletea vikapu, wazazi wa watoto niliokuwa nawafundisha. Na kabla sijapata neno, bibi yako akasema, "Ni mimi. Macho yangu haya. Niliisahau kwenye jaa."

Tulipotoka nje nilimshika mkono. "Mama, kwa nini?"

"Wewe una watu wa kuwasemesha kesho," akanijibu. "Mimi nina kuku."

Ningeweza kurudi ndani. Mlango ulikuwa wazi, hatua kama kumi. Nilijiambia kwamba nitasema kesho, watu wakitulia. Kesho ile ndiyo hii.

Huenda wajiuliza, neno lile lilimdhuru nini mwanamke wa makamo mwenye kuku? Nitakueleza, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Kabla ya siku ile wanawake walikuwa wakija kwake kila mwanzo wa mvua kuomba kikapu cha mboji na mbegu za boga. Mmoja alikuwa akitoka Nandagala kwa miguu. Walikaa naye nyuma ya nyumba, wakapekua, wakanusa, wakabishana. Alikuwa, niruhusu niseme hivyo, na chuo chake. Baada ya siku ile hawakuja. Hawakumtukana, waliacha tu. "Macho ya bibi yule," walisema, "yanasahau chupa." Watoto walikatazwa kucheza karibu na jaa lake. Nawe ulikuwa mmoja wao. Umekula maboga yake misimu yote hii, umelala naye kitanda kimoja, umemsukia nywele. Lakini nyuma ya nyumba hujaenda naye tena, na kila mwaka mbegu za boga anazitia mwenyewe, kwa mkono mkubwa ambao si wa kazi hiyo. Nimemwona akifanya hivyo. Huwa anatazama upande wa mlango kwanza, kuona kama wewe unatoka.

Kesho unaondoka. Niliposikia jibu lako la juzi niliona kwamba uongo huu ulikuwa umefungwa sandukuni, uko tayari kupanda garimoshi.

Basi Jumatano hiyo hiyo, nilipotoka shule, nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini, nikamuuliza bibi yako swali. "Mama, ulijuaje kwamba vitu hivi vinahitaji mafungu matatu?"

Alinitazama kuona kama naanza hotuba. Kisha akaniambia.

Kopo la kwanza la Lionja, alisema, aliletewa na Mjomba Mchopa kutoka kambini. Hakujua ni kitu cha namna gani. Kwa hiyo alichimba kishimo, akafukia pamoja vitu vitano: ganda la muhogo, kigae cha chungu, mfupa wa mbuzi, kopo lile na kipande cha chupa. Akaweka jiwe juu, akangoja.

"Mvua zilipokwisha nikafukua," akasema. "Ganda sikuliona. Mfupa umelegea. Kigae ni kigae, lakini kigae ni udongo, hakina ubaya. Kopo limekuwa jekundu, linamegeka. Chupa ikawa inanitazama vilevile. Nikafukia tena. Mvua ya pili, chupa inanitazama vilevile. Nikasema, huyu mgeni hana nia ya kuondoka. Atafutiwe mahali pake."

Mimi nilifundishwa kwa miaka mingi jinsi ya kuuliza ardhi swali na kungoja jibu lake. Kuna vitabu vizito juu ya jambo hilo, nami nimevisoma. Na yote yalikuwa yamefanyika hapa, chini ya jiwe, na mwanamke asiyejua kusoma, kabla sijapanda juu ya gogo kumfundisha.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa juu."

Akanipa fimbo yake, ile nyembamba ya mpingo ambayo umeiona imechomekwa kwenye makuti ya paa. Unaisukuma ndani ya fungu laini hadi katikati, unaiacha kwa muda wa kumenya muhogo mmoja, unaichomoa na kuilaza nyuma ya mkono. Ikiwa baridi na kavu, fungu lina kiu. Ikiwa na harufu ya yai bovu, limenyweshwa mno, lipinduliwe. Nilipoichomoa ilikuwa ya moto, Somoe! Hakuna jiko, hakuna kaa, na fimbo imetoka na joto kama la chai. Niliirudisha nikaichomoa tena, kama mtoto. Joto hilo nililijibu katika mtihani zamani, juu ya viumbe wadogo wasioonekana ambao hula na kupumua mle ndani, nikapata alama zote, na sikuwa nimeligusa. Linatoka wapi hasa? Kwa nini fungu la majivu liko baridi na la maganda linachemka, hali yote mawili ni mabaki ya chakula kimoja? Na wale viumbe, wanapoifikia chupa, huizunguka au huishia hapo? Sijui. Najisikia vizuri kusema sijui. Ukipata huko mwalimu anayeweza kukueleza, niandikie, nami nitamsomea bibi.

Na fungu la tatu, nilidhani ni la kutupa. Si la kutupa. Makopo huchukuliwa na fundi wa koroboi. Chupa nzima hutiwa mafuta ya ufuta. Vigae hubebewa makaa ya kuazima. Vipande vya chupa pekee ndivyo visivyo na kazi, navyo viko ndani ya debe lenye kifuniko, chini ya jiwe. Bibi yako anaviona vizuri sana. Ana idadi yake kichwani.

Leo adhuhuri, watu walipotoka msikitini, niliwaomba wasimame. Walivuta pumzi, wakaegemea miti, wakijua ni saa nzima. Nikasema, "Chupa iliyomkata Somoe ilitoka katika shimo langu, katika kikapu changu. Mama yangu hakusahau kitu. Nilinyamaza. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba Mchopa alikuna ndevu. "Bwana Shimo," akasema, "hiyo ndiyo hotuba yako ya kwanza ninayoielewa." Watu wakacheka kidogo, kisha hawakucheka. Mjomba mwenyewe alishika bakora yake akaondoka bila kuniaga, na nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba na dada yake, juu ya debe lililopinduliwa. Mjomba alikuwa akimenya muhogo.

Bibi yako amenigombeza. "Nani alikutuma? Nilikwisha kuzoea." Lakini aliposema hivyo alikuwa ameshika ukingo wa khanga yake kwa mikono miwili, kama ulivyoshika wewe ulipopata barua ya kuchaguliwa. Kama wanawake watarudi kuomba mboji, sijui. Hilo halimo mikononi mwangu tena, wala si deni lako. Kuna watu ambao hupenda uongo waliouzoea.

Wala sikuandiki ili unisamehe kabla ya garimoshi. Kidonda ni chako, na muda wake ni wako. Bwenini ukiulizwa, sema ulivyoona wewe mwenyewe kuwa ni kweli; unaweza kumtaja baba yako. Atavumilia.

Jua linashuka, na mama yako amekubali sabuni ikae juu. Lililobaki ni hili. Bibi ametia maboga yake leo, mstari mzima nyuma ya nyumba, isipokuwa shimo moja la mwisho karibu na mpapai, ambalo ameliacha wazi. Ameliwekea mboji yake. Nimeipitisha mboji hiyo katika ungo mara mbili, kisha nikaipekua kwa vidole vyangu, chembe kwa chembe, mpaka Mjomba Mchopa akaniuliza kama natafuta pete. Mbegu iko kwenye kifuu pembeni. Alfajiri, kabla hatujabeba sanduku, bibi atakuwa pale. Hatakuita. Mimi pia sitakuita.

Mkono wa kulia au wa kushoto, utachagua mwenyewe. Na usipotoka, shimo nitalifukia mimi, polepole, na sitasema neno.

Ni mimi baba yako,
ambaye sasa anajifunza kushika fimbo.